Tambi za tuna na nazi, sufuria moja, na maji hayamwagwi

Jamani kabla sijawasha jiko naomba tuelewane kwenye jambo moja, maji ya tambi hayamwagwi. Najua karibu kila pakiti ya spageti na makaroni imeandikwa chemsha kwenye maji mengi afu chuja, na wengi tumeshika hivyohivyo, sufuria ya tambi huku, sufuria ya mchuzi kule, chujio kwenye sinki, mvuke usoni, na bado ukija kupakua tambi zishapoa na mchuzi unateleza wote unakaa chini ya sahani. Sasa nikuulize wewe uliyekulia pwani, au hata uliyewahi tu kualikwa futari, zile tambi za sukari za mwezi wa Ramadhani nani alishawahi kuona zinachujwa? Hakuna. Zinakaangwa kwenye mafuta mpaka zipate rangi, yanamiminwa maji au tui ya kiasi, sukari, iliki, zabibu kama zipo, sufuria inafunikwa, moto unashushwa, na yale maji yanaishia yote ndani ya tambi. Mama zetu wanafanya hivyo miaka yote na hakuna aliyehitaji kufundishwa na pakiti.

Basi hizi tambi za tuna ninazotaka kukuelekeza leo mi naziona ni ndugu wa zile za futari, tofauti ni kwamba hizi ni za chumvi na zina samaki. Mtandaoni nakuta watu wanaelekezana pasta ya sufuria moja kana kwamba ni ufundi mpya umetoka majuu, na ni kizuri kweli wanachoelekeza, ila sisi mkono wa kupika hivyo tunao tayari, kwenye tambi, kwenye wali wa nazi, kwenye pilau. Unakadiria maji, unafunika, unasikiliza. Kinachobaki ni kumjua huyu samaki wa kopo na tabia zake.

Kwanini maji yasimwagwe? Kwa sababu tambi zikichemka zinatoa wanga, ndo ule ukungu mweupe unaouona kwenye maji, na wanga huo ndo unaofanya mchuzi uwe mzito na uishike tambi badala ya kuikimbia. Ukimwaga maji umemwaga uzito wa mchuzi wako afu unaanza kutafuta namna ya kuurudisha, mara jibini, mara krimu, mara unga kidogo. Ukipikia kwenye tui jepesi wanga na nazi vinakutana mlemle na unapata rojo laini kabisa bila kununua kingine chochote. Na gesi inapona. Wengi wetu tuna ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake, moto ni mmoja, kwahiyo habari ya kupika tambi na mchuzi kwa pamoja hiyo haipo, unapika kimoja kinapoa ukisubiri kingine. Sufuria moja kwenye moto mmoja ni chakula kinachoendana na jiko tulilonalo.

Mi hiki ndo chakula changu cha jioni za masika. Umetoka kazini, umesimama kwenye basi toka Posta mpaka Mbezi, viatu vimelowa, watoto wana njaa, na hakuna mtu mwenye nguvu ya kwenda kupara samaki saa mbili usiku. Kwenye kabati kuna kopo la tuna, nusu pakiti ya makaroni, kitunguu, nyanya. Nazi kama haijakunwa basi kuna ya kopo. Ndani ya nusu saa nyumba nzima inanukia nazi na bizari, na watoto wenyewe wanakuja jikoni bila kuitwa.

Sasa habari za kopo. Mama yangu yuko Tanga, na kwake yeye samaki anachaguliwa kwa macho na mashavu, macho yawe yanang'aa, mashavu yawe mekundu, ukimbonyeza nyama irudi. Nilipomwambia kwenye simu kwamba napika tambi na samaki wa kopo akanyamaza kidogo afu akasema, "Mwanangu, samaki hana kichwa, hana macho, utajuaje kalala siku ngapi?" Nikamwambia mama, shikamoo tena, huyo hajalala, huyo kapikwa kabisa. Na ndivyo ilivyo. Kiwandani tuna anapikwa kwa mvuke kwanza, anatolewa ngozi na mifupa, nyama inaingizwa kwenye kopo na mafuta au maji ya chumvi, kopo linafungwa lisipitishe hewa, afu linapikwa tena likiwa limefungwa, kwa moto mkali wa presha unaozidi ule wa maji yanayochemka. Kwahiyo anapofika kwako kashaiva mara mbili. Hili likumbuke maana huko mbele ndo linaamua samaki anaingia sufuriani saa ngapi.

Na tuna mwenyewe si mgeni kwetu, ni ukoo wa jodari. Jodari yule mkubwa wa mapezi ya njano tunayemkuta Feri pale Magogoni akikatwa vipande, na yule anayejaa kwenye makopo mengi duniani, anaitwa skipjack, ni mdogo zaidi lakini ni familia moja. Geuza kopo usome nyuma, mara nyingi utakuta limetoka Thailand, maana hao ndo wauzaji wakubwa wa tuna wa kopo duniani, ingawa hata hapa jirani Shelisheli kuna kiwanda kikubwa pale Victoria kinachofunga samaki wa bahari yetu hii hii ya Hindi. Hadithi ya kopo lenyewe inaanzia California mwaka 1903, kule San Pedro, sardini walipokosekana wenye kiwanda wakajaribu tuna. Nikiisoma habari hiyo nakumbuka kusi letu. Upepo wa kusi ukishika, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, bahari inachafuka, vyombo vidogo vingi haviendi mbali, na bei ya jodari sokoni inapanda mpaka unarudi na dagaa. Miezi hiyo kopo linakuokoa, na haina maana umemsaliti samaki mbichi. Kaskazi likirudi na jodari amejaa, nunua jodari, nitakwambia huko chini anaingiaje.

Kuna tuna wa mafuta na tuna wa maji ya chumvi. Kwa chakula hiki mi nachukua wa mafuta kila nikimpata, kwa sababu yale mafuta ndo nakaangia kitunguu, yameshalala na samaki, yana ladha yake tayari, kuyamwaga ni hasara. Ukiwa na wa maji ya chumvi mchuje vizuri, kaangia mafuta yako ya kawaida, na punguza chumvi sufuriani maana kashakunywa ya kwake. Makopo mengi yana gramu 170 au 185 lakini ukishachuja nyama inabaki kama 120 hivi, kwahiyo kwa watu wanne weka mawili. Moja pia linatosha kama mwezi uko pabaya, ongeza njegere tu. Kopo lililovimba usilinunue hata likiwa nusu bei, na lililobonyea kwenye ukingo pale kifuniko kinaposhikana na mwili nalo liache dukani.

Haya jikoni sasa. Makaroni gramu 300, chagua zile fupi zenye tundu au za kujiviringa, maana spageti kwenye sufuria ndogo zinasumbua, itabidi uzivunje. Soma pakiti, zikiwa zimeandikwa ngano ngumu, wengine wanaandika durum, hizo zinavumilia, zikiwa za ngano ya kawaida zinalainika haraka kwahiyo anza kuonja mapema. Nazi moja kubwa, ikune, kamua tui zito kikombe kimoja uliweke pembeni, afu rudisha machicha kwenye maji ya moto ukamue tui jepesi vikombe vitatu na nusu. Kikombe changu ni kile cha mililita 250. Kama unatumia nazi ya kopo la mililita 400, nusu iweke pembeni ndo tui lako zito, nusu nyingine ongeza maji mpaka vitimie hivyo vikombe vitatu na nusu. Kitunguu maji kikubwa kimoja, vitunguu swaumu punje tatu au nne na tangawizi kidogo vitwangwe pamoja, nyanya mbili zilizoiva, karoti, hoho, bizari nyembamba ya kusaga kijiko cha chai, manjano robo kijiko, pilipili manga. Pilipili mbuzi nzima. Ndimu. Kotimiri.

Fungua kopo, mimina mafuta yake sufuriani, ongeza na ya kwako kijiko kimoja, moto wa kati. Kitunguu kilainike kiwe kama kioo, usikiunguze kikawa cha pilau, hapa tunataka utamu wake sio rangi. Tia swaumu na tangawizi, geuza mpaka ule ukali wa harufu ukatike, tia bizari na manjano sekunde chache tu maana zinaungua haraka. Hapohapo mimina makaroni zikiwa kavu. Ndio, kavu, kama tambi za futari. Zigeuze dakika mbili tatu zipakwe mafuta zote, utaona baadhi zinaanza kubadilika rangi pembeni na zinatoa harufu kama ya mkate unaochomwa. Hii inazifanya zisigandane zikishaingia kwenye maji na zibaki na ugumu wake kidogo zikiiva. Watu wengi wanairuka hatua hii na mi naiona ndo roho ya chakula chote.

Tia nyanya na karoti, geuza, mimina tui jepesi likiwa la moto, chumvi kidogo, na ile pilipili mbuzi idumbukize nzima isipasuke, inaacha harufu yake bila kuwachoma watoto. Chakula kikianza kuchemka shusha moto na funika nusu, acha upenyo, tui ukilifunika kabisa linapanda na kumwagika jikoni. Kila baada ya dakika mbili pitisha mwiko mpaka chini. Sio kukoroga kama uji, ni kupitisha tu ili zilizolala chini zisishike. Wanaopikia mkaa watoe makaa kadhaa hapa, moto wa mkaa hauna kitasa cha kushusha, na tambi zinashika chini haraka kuliko wali.

Sasa sikiliza sufuria. Mwanzo inatoa sauti ya maji, nyepesi, ya haraka. Kadiri wanga unavyotoka na maji yanavyopungua ile sauti inakuwa nzito, mapovu yanakuwa makubwa, yanapasuka taratibu moja moja. Mi naitegemea hiyo sauti kuliko saa. Ikishabadilika, kwenye dakika ya tisa au kumi hivi, funua, burura mwiko katikati ya sufuria mpaka chini. Ukiona njia ya mwiko inajaa maji palepale bado. Ukiona inabaki wazi kidogo afu rojo linarudi polepole kuifunika, hapo ndo penyewe. Onja makaroni moja, iwe imeiva lakini katikati bado ina ubishi kidogo, maana itaendelea kunywa hata ukizima moto. Kama rojo limekauka na tambi bado ngumu ongeza maji ya moto nusu kikombe, ya moto tafadhali, ya baridi yanakatisha mchemko na tambi zinalegea nje huku ndani mbichi.

Hapo tia hoho na njegere kama zipo, mimina tui zito, na kuanzia sasa usiondoke jikoni. Tui zito halitaki kuchemka kwa nguvu, likichemka bila kukorogwa linakatika, unaona vitonge vya nazi huku na mafuta kule, rojo lote linaharibika sura. Moto mdogo, mwiko unazunguka upande mmoja taratibu, dakika mbili zinatosha likae.

Na samaki? Samaki ndo wa mwisho kabisa. Nilisema kashaiva mara mbili, kwahiyo hapa hapikwi, anapashwa. Ukimtia mwanzoni pamoja na tambi atachemka dakika kumi nzima, atasagika awe kama unga, na utatafuta samaki kwenye sahani humwoni, unasikia harufu yake tu. Mtie mwishoni kwa mapande, mapande makubwa kama alivyotoka kwenye kopo, mfunike na tambi, geuza mara mbili kwa upole, zima moto, funika kabisa, subiri dakika tano. Zile dakika tano ni sehemu ya mapishi, rojo linatulia na samaki anapata joto mpaka ndani bila kukauka. Mwisho kamulia ndimu moto ukiwa umezimwa, ukiikamulia kwenye tui linalochemka nalo litakatika, nyunyiza kotimiri na pilipili manga, itoe ile pilipili mbuzi umpe anayeitaka.

Ukipata jodari mbichi, katakata vipande vya vidole viwili, paka ndimu, chumvi na swaumu, mkaange juujuu mwanzoni kwenye hiyohiyo sufuria, mtoe pembeni, endelea na kitunguu kwenye mafuta yaleyale, na umrudishe pale ambapo wa kopo angeingia ila mwache dakika tatu nne juu ya moto mdogo kabla hujazima. Ni tamu kupita kiasi. Lakini sitakudanganya kwamba ya kopo ni ya kujishikiza tu mpaka upate mbichi, ni chakula kamili kina hadhi yake. Waitaliano ambao tambi ni zao kabisa wana pasta ya tuna wa kopo, ni chakula cha kabatini, hawaoni haya. Wamarekani nao wana ya kwao, tambi bapa na tuna wanachanganya na supu ya uyoga ya kopo, ile ya kampuni ya Campbell's iliyotoka 1934, afu wanaoka kwenye oveni mpaka juu pakauke. Sisi wengi oveni hatuna na supu ya uyoga haina kazi mtaani kwetu, ila nazi ipo kila genge, na kwa kweli nazi na samaki ni watu wanaojuana tangu zamani.

Pembeni weka kachumbari, basi. Au ndizi mbivu. Ndio, ndizi mbivu ya kumenya, Wasomali wanakula baasto, yaani tambi zao, na ndizi pembeni na wako sahihi kabisa, ule utamu baridi katikati ya rojo la moto lenye pilipili ni kitu cha kujaribu kabla hujakikataa. Mwanangu mdogo anakata ndizi yake vipande anachanganya humohumo, simkatazi.

Wajawazito huwa wananiuliza kuhusu tuna kwa sababu ya zebaki, ile madini yenye sumu. Tuna wakubwa wanabeba zebaki nyingi kuliko wadogo, kwahiyo skipjack ana nafuu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaiweka tuna ya kopo nyepesi, ambayo ndani yake skipjack yumo, kwenye kundi la samaki wazuri kwa mjamzito, mara 2 mpaka 3 kwa wiki, lakini yule mweupe wa albacore wanasema mara 1 tu. Soma kopo lako, na kama una wasiwasi muulize nesi wako kliniki.

Kiporo sasa, maana hiki chakula kikilala kinakuwa kitamu zaidi. Ila tuna ni katika samaki ambao wakikaa kwenye joto wanajenga histamini, hiyo ndo inayomfanya mtu awashwe, uso uwe mwekundu na kichwa kimuume, na ikishatengenezwa hata ukichemsha upya haitoki. Kwahiyo kwa joto la Dar usikiache juu ya jiko mpaka asubuhi kwa matumaini kwamba utakichemsha. Kikipoa kidogo weka kwenye bakuli lenye mfuniko, ingiza kwenye friji usiku uleule, na kama umeme umekatika usiku kucha usikionee huruma, kimwage. Kopo likibaki nusu usilirudishe kwenye friji likiwa kopo, hamishia nyama kwenye chombo kingine ufunike uile kesho yake.

Asubuhi utakuta tambi zimekunywa rojo lote na zimeshikana, ni kawaida. Tia maji ya moto vijiko vitatu vinne, moto mdogo, funika, ziachie zenyewe taratibu mpaka zitoe moshi kotekote, tui jipya usiongeze. Mimi nakula na chai ya rangi yenye tangawizi.